Kamera ndogo nyuma ya darubini ya bunduki: njia ya risasi inaonekana, lakini muda unadanganya

Kwa macho matupu, karibu hakuna anayeona risasi ikiruka. Mtu anasikia mlio, kisha anaona tundu kwenye karatasi au vumbi likipanda. Katikati ya mambo hayo mawili kuna safari nzima ambayo jicho la binadamu haliipati. Kwa zaidi ya miaka 15 sasa, wapiga shabaha na wawindaji wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakiirekodi safari hiyo kwa kutumia chombo ambacho hakikutengenezwa kwa kazi hiyo: kamera ndogo ya mfukoni, inayofungwa nyuma ya darubini ya bunduki na kuwekwa kwenye mwendo wa polepole.

Video hizo zinafika mpaka kwenye simu zetu hapa Congo. Unaona duara, msalaba mweusi katikati, kisha kidoa kinachong'aa kinapanda, kinashuka, na shabaha inatikisika. Mtu anaweza kuzipokea kwenye kundi la WhatsApp bila maelezo yoyote ya zilikotoka. Ndiyo maana inafaa kujua zinatengenezwa namna gani, zinaonyesha nini kwa kweli, na ni wapi zinaweza kumpotosha anayezitazama.

Kwa nini nyuma, si pembeni

Tuchukue mfano wa bunduki ya upepo, ambayo hutumiwa sana kwa video za aina hii. Nchini Uingereza, wakulima na wawindaji huitumia kuua panya kwenye maghala na njiwa pori wanaoharibu mazao. Kule England na Wales, mtu mzima anaweza kuwa na bunduki ya namna hiyo bila kibali ikiwa nguvu yake haizidi juli 16 na kidogo. Scotland imekuwa ikidai cheti tangu tarehe 31 Desemba 2016.

Risasi yake ina upana wa milimita 4,5 na uzito wa nusu gramu na kidogo. Hutoka kwenye mtutu kwa mwendo wa mita kama 240 kwa sekunde. Ili kufika mita 30 inahitaji takriban sekunde 0,13. Kupepesa jicho mara moja kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko huo.

Kamera ya kawaida hupiga picha 30 kwa sekunde. Katika safari nzima ya risasi hiyo, itapata picha nne tu, na risasi yenyewe itakuwa imefutika kama ukungu. Ikiwekwa kwenye picha 240 kwa sekunde, itapata picha 30 hivi. Kwa picha 1000 kwa sekunde, zitakuwa karibu 130.

Lakini wingi wa picha peke yake hautoshi. Ukisimama pembeni na kamera ya picha 240 kwa sekunde, risasi itakuwa imesogea mita nzima kati ya picha moja na inayofuata. Itaonekana mara moja au haitaonekana kabisa. Ni sawa na mtu aliyesimama kando ya barabara: pikipiki ikimpita kasi mbele ya pua yake, hawezi kusoma hata rangi ya shati la dereva. Lakini akiitazama kwa nyuma ikienda zake kwenye barabara iliyonyooka, anaifuata kwa macho mpaka inapotelea mbali.

Hiyo ndiyo siri ya kuweka kamera nyuma ya darubini. Risasi inakwenda mbali na kamera, haikatizi mbele yake. Kwenye picha inasogea kidogo tu, na inabaki ndani ya duara karibu safari nzima. Ndiyo maana kamera ya bei ya kawaida inaweza kufanya kazi ambayo kwa pembeni ingehitaji mashine ya maabara.

Kitu cha kwanza kinachowashangaza wengi ni kwamba risasi haiendi kwa mstari ulionyooka. Darubini hukaa sentimita nne au tano juu ya mtutu. Kwa hiyo risasi huanza chini ya macho, hupanda mpaka kukuta mstari wa kulengea, kisha huanza kushuka. Katika sekunde 0,13 tulizotaja, mvuto wa dunia huishusha sentimita 8 hivi chini ya mstari wa mtutu. Mpiga shabaha anayajua hayo kwa hesabu. Kwenye video, anayaona.

Safari ya miaka 130

Hamu ya kuona vitu vinavyokwenda kasi ni ya zamani. Mwaka 1878, huko California, mpiga picha Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kwenye mstari mmoja ili kunasa farasi akikimbia, na akaonyesha kwamba kuna wakati miguu yote minne huwa haigusi ardhi. Mwaka 1887, Ernst Mach na Peter Salcher walichapisha picha za risasi ikiruka pamoja na mawimbi ya hewa inayoyasukuma. Jina la Mach ndilo linalotumika hadi leo kupima mwendo wa ndege zinazoipita sauti. Baadaye Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT nchini Marekani, alitumia taa za kumulika kwa muda mfupi sana na kupata ile picha inayojulikana ya risasi ikitoboa tofaa.

Kwa muda mrefu kazi hiyo ilibaki ya maabara na ya wenye pesa. Mlango ulifunguka mwaka 2008, pale kampuni ya Casio ya Japani ilipotoa kamera ya Exilim EX-F1, yenye uwezo wa kupiga picha mpaka 1200 kwa sekunde. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilitoa EX-FC100, kamera ya kuingia mfukoni kabisa, yenye kufika picha 1000 kwa sekunde. Mwaka 2011 ilifuata Nikon 1 J1, ndogo pia, iliyofika 1200. Mwaka 2015 Sony ilileta RX100 IV iliyofika karibu picha 1000 kwa sekunde zikiwa na ubora mzuri zaidi.

Kasi hiyo ilikuwa na gharama yake. Kamera ya kwanza ya Casio ikipiga picha 1200 kwa sekunde, kila picha ilikuwa na nukta 336 kwa 96 tu: kamba nyembamba ya picha, kama kuchungulia kwenye ufa wa mlango. Ile ya mfukoni kwa picha 1000 ilishuka mpaka 224 kwa 64. Kwa sababu hiyo wengi walichagua mwendo wa kati, picha 210 au 240 kwa sekunde, ambao unaonyesha risasi na bado shabaha inatambulika. Tangu mwaka 2014, iPhone 6 ilipokuja na picha 240 kwa sekunde, uwezo huo umeingia pia kwenye simu. Casio yenyewe iliacha kutengeneza kamera za mfukoni mwaka 2018.

Namna inavyofungwa

Darubini ya bunduki imetengenezwa ili jicho likae mbali kidogo na lenzi ya nyuma, kwa kawaida kati ya sentimita 8 na 10. Nafasi hiyo imewekwa kwa sababu bunduki hupiga teke, na mtu asipokaa mbali lenzi inaweza kumpasua nyusi. Kamera inapaswa kusimama palepale ambapo jicho lingesimama. Ikisogea mbele au nyuma kidogo tu, weusi unaanza kula picha kutoka pembeni. Ikisogea kushoto au kulia, duara linakuwa mwezi mpevu uliokatwa.

Hapa udogo wa kamera ni faida. Mwanga unaotoka nyuma ya darubini ni mshipi mwembamba. Upana wake unapatikana kwa kugawanya upana wa lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Darubini yenye lenzi ya milimita 40, ikikuza mara 9, hutoa duara la mwanga la milimita 4 na nusu hivi. Ikishushwa mpaka mara 4, duara hilo linakuwa milimita 10. Lenzi ndogo ya kamera ya mfukoni inapokea mwanga huo bila shida. Lenzi kubwa ya kamera ya waandishi wa habari mara nyingi huishia kuonyesha kitundu cheupe katikati ya giza.

Wengi hutengeneza kifungio chao wenyewe: kipande cha bomba la plastiki kinachovishwa nyuma ya darubini, mpira wa kuzuia mwanga wa pembeni, na kibati chenye skrubu moja inayoingia kwenye tundu la chini la kamera. Halafu kamera inavutwa karibu kwa zumu ya lenzi, si ile ya kompyuta, mpaka weusi wa pembeni uondoke. Inafungiwa umbali wa mbali ili isihangaike kutafuta pa kuangalia wakati risasi inatoka.

Wengine hawapendi kulenga kwa kutazama kioo cha kamera, na wana sababu. Shavu likiachana na kitako cha bunduki, mkono unapoteza uzoefu wake. Pia mtu aliyezama kwenye kioo kidogo anasahau kilicho nyuma na pembeni ya shabaha, na hapo ndipo ajali huanzia. Kwa hiyo hutumia kifaa chenye kioo kinachogawa mwanga, sehemu kwa jicho na sehemu kwa kamera, au huweka darubini ya pili kando kwenye stendi ya miguu mitatu na mtu mwingine anarekodi. Njia hii ya mwisho ndiyo salama zaidi, na ndiyo pekee inayofaa kwa bunduki kubwa, kwa sababu teke lake linaweza kung'oa kamera na kuirusha usoni mwa mpigaji.

Mwanga ndio mafuta ya kazi hii

Kamera inayopiga picha 240 kwa sekunde hairuhusu mwanga kuingia kwa zaidi ya sehemu moja ya 240 ya sekunde kwa kila picha. Ni mara 8 pungufu kuliko video ya kawaida. Kwa picha 1000, ni mara 33 pungufu. Darubini nayo inakula sehemu ya mwanga. Ndiyo maana video nzuri hupigwa jua likiwa kali na likiwa mgongoni mwa mpigaji. Jua hilo huangaza kitako cha risasi, na kidoa cheupe kinachoonekana kikiruka ni mng'ao huo, si moto.

Jambo hilo ni la kukumbuka. Mtu akiona kidoa kinachong'aa anaweza kufikiri ni risasi ya moto ya kijeshi, kumbe ni kipande cha risasi ya bunduki ya upepo kinachorudisha mwanga wa jua. Kwa upande mwingine, risasi za bunduki kubwa, zinazoipita sauti ambayo huenda mita 340 hivi kwa sekunde, huacha nyuma yake mkunjo wa hewa unaofanana na joto linalocheza juu ya lami wakati wa mchana. Darubini nzuri huonyesha mkunjo huo hata pale risasi yenyewe haionekani.

Ndani ya nyumba kuna tatizo lingine. Umeme wa kwetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi hupanda na kushuka mwanga mara 100 kwa sekunde bila jicho kujua. Kamera ya mwendo wa polepole inajua: video inakuwa ya kuwaka na kufifia kama mshumaa kwenye upepo. Wanaorekodi ndani hutafuta taa zisizo na tabia hiyo.

Kinachoonekana hakimpendezi kila mtu

Faida kubwa ya kazi hii si uzuri wa picha. Ni kwamba inaondoa visingizio. Mpiga shabaha akikosa, husema upepo, au darubini imelegea, au risasi ni mbaya. Video inaonyesha. Ikiwa msalaba ulihama kabla risasi haijatoka, basi ni mkono ulioshtuka ukivuta kifyatulio, na upepo hauna kosa. Ikiwa msalaba ulitulia na risasi ikapinda kwenda kulia njiani, hapo upepo una hatia kweli. Ikiwa ilikwenda sawa lakini ikapita chini, mtu alikosea kukadiria umbali.

Kwa mwindaji, kuna la zaidi. Sehemu ya kichwa cha panya ambayo risasi inamwua papo hapo si kubwa kuliko kizibo cha chupa ya soda. Risasi ikipita kando kidogo, mnyama anakimbia akiwa na jeraha na kufia shimoni baada ya saa nyingi. Mwindaji aliyemwona akiruka anaweza kuamini alimkosa, au kuamini alimmaliza. Video iliyopigwa nyuma ya darubini inamwonyesha ni wapi hasa risasi iligusa. Akiona kwamba kwa mita 40 anajeruhi kuliko kuua, mtu mwenye utu anasogea karibu mpaka mita 25, au anaacha kupiga siku ya upepo. Hesabu ya namna hiyo haipatikani kwa kumbukumbu tu, kwa sababu kumbukumbu humpendelea mwenyewe.

Lakini shahidi huyu ana udhaifu wake

Kuhusu njia iliyopitwa na risasi, kamera hiyo ni shahidi mzuri. Kuhusu muda, inadanganya, hata kama hakuna aliyekusudia kudanganya. Video iliyorekodiwa kwa picha 1000 na kuonyeshwa kwa 30 hurefusha muda mara 33. Sekunde 0,13 inakuwa zaidi ya sekunde 4. Katika sekunde 4, mtazamaji anaona kana kwamba kulikuwa na nafasi ya kufikiri, kusita, kubadili mawazo. Aliyekuwa pale hakuwa nayo.

Hili limepimwa. Mwaka 2016, watafiti Eugene Caruso, Zachary Burns na Benjamin Converse walichapisha katika jarida la kisayansi la Marekani, PNAS, utafiti ambamo watu walionyeshwa video ya mtu akimpiga mwingine risasi. Walioiona kwa mwendo wa polepole walielekea zaidi kusema kwamba aliyepiga alikusudia kuua kuliko walioiona kwa mwendo wake wa kweli. Kuwaonyesha zote mbili kulipunguza tofauti hiyo, lakini hakukuifuta.

Wapenda mpira wanalijua jambo hili kwa njia nyingine. Kanuni za VAR zinamwelekeza mwamuzi kutumia mwendo wa polepole kwa mambo ya hakika kama vile mahali tukio lilipotokea au mguu uligusa wapi. Kwa kupima ukali wa rafu au kuamua kama mkono ulikusudia kuucheza mpira, anapaswa kutazama mwendo wa kawaida. Sababu ni ileile: mwendo wa polepole hugeuza bahati mbaya ionekane kama nia mbaya.

Kwa nchi kama yetu, ambako mashariki video za milio ya risasi husambaa kabla hata maiti hazijatambuliwa, kanuni hiyo ya uwanjani inafaa kuchukuliwa na raia wote. Ukiletewa video ya polepole, uliza kwanza: ilirekodiwa kwa mwendo gani? Ile ya mwendo wa kawaida iko wapi? Sauti yake ni ya kweli? Kamera nyingi za mfukoni hazirekodi sauti kabisa zikiwa kwenye mwendo huo, kwa hiyo mlio unaousikia unaweza kuwa uliongezwa baadaye. Na duara lenye msalaba halithibitishi kwamba aliyerekodi ni mwanajeshi, wala kwamba ni vita. Linathibitisha tu kwamba kulikuwa na darubini.

Mbinu hiyohiyo, bila bunduki

Anayevutiwa na kazi hii hapa kwetu hahitaji bunduki, wala hapaswi kuitafuta. Darubini ya kawaida ya macho mawili, ikiwekwa juu ya stendi na simu au kamera ndogo ikafungwa nyuma ya jicho moja, inafuata kanuni zilezile: umbali sahihi wa lenzi, ukuzaji mdogo ili mwanga uwe mpana, na jua mgongoni.

Kwenye ufuko wa ziwa Kivu, mdiria mwenye rangi nyeusi na nyeupe husimama hewani juu ya maji, anapiga mabawa kwa kasi huku kichwa kimetulia, kisha anashuka kama jiwe na kupanda na samaki. Kwa macho ni mshituko tu. Kwa picha 240 kwa sekunde, sekunde moja ya mawindo hayo inakuwa sekunde 8, na unaona anavyokunja mabawa, anavyogusa maji, na mara ngapi anakosa. Vijana wanaosindikiza watalii, walimu wa biolojia na wanafunzi wa uandishi wa habari wangepata hapo somo zuri kwa gharama ndogo.

Tahadhari moja tu: darubini yenye kamera inayoelekezwa upande wa kambi, kizuizi cha barabarani au msafara wa wanajeshi inaweza kumtia mtu mashakani kabla hajapata nafasi ya kueleza habari za ndege. Omba ruhusa kwa wenye eneo, elekeza lenzi majini, na ukiisambaza video yako, andika chini yake mwendo uliorekodia. Maneno manne ya namna hiyo, "picha 240 kwa sekunde", yanamsaidia anayeitazama asikosee.